Sweta lililokwama kichwani: kisa cha kiolezo kimoja na mtoto wa miaka minne

Sweta lilikwama juu kidogo ya nyusi. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka minne na miezi kadhaa, alikuwa ameinua mikono yote miwili, nusu ya uso imemezwa na kitambaa, na sauti yake ikatoka humo ndani kwa mbali: "Mama mdogo, linanila!" Nikavuta kidogo. Nikasikia uzi ukikatika nyuma ya shingo, tak, tak. Nilipolitoa masikio yake yalikuwa yamepata moto, na akakimbilia nyuma ya mlango. Siku tatu nzima hakutaka hata kuliona.

Nakiandika kisa hiki chote, pamoja na vipimo vyake, kwa sababu sweta lenyewe lilikuwa limeshonwa vizuri. Mishono imenyooka, mabega yamekaa, shingo imelala bila mawimbi. Ukilitandika mezani usingeona kasoro. Kosa lilikuwa mahali ambapo macho hayaendi, na dawa ya kwanza inayomjia karibu kila mshonaji wa nyumbani, yaani kupanda saizi moja juu, isingelitibu.

Tulichokuwa nacho

Kiolezo, yaani karatasi za kukatia vipande vya nguo, kilikuwa cha sweta la kawaida la kuvaa kwa kupitisha kichwani: kipande cha mbele, kipande cha nyuma, mikono miwili, na mikanda ya ribu, kile kitambaa cha mistari kinachovutika sana, shingoni, viganjani na chini. Saizi zake zilipangwa kwa kimo cha mtoto kama ilivyo katika saizi za Ulaya, 92, 98, 104, 110, 116, kila hatua ikiwa sentimita 6. Mpango huo naupenda kuliko ule wa miaka, kwa maana watoto wawili wa miaka minne wanaweza kupishana kimo kwa sentimita 10 na wote wakawa na afya njema.

Mtoto nilimpima akiwa amesimama na fulana nyepesi. Kimo 106. Kifua 55. Kiuno 53, maana umri huo kiuno bado hakijajitenga na kifua na tumbo huwa limetangulia mbele kidogo. Kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kiganja, mkono ukiwa umekunjwa kidogo, 39. Kichwa sikukipima. Sikuona sababu ya kukipima, na hapo ndipo kisa kilipoanzia.

Kwa kimo alikuwa kati ya 104 na 110. Kwa kifua alikuwa 104, tena na nafasi ya kutosha, kwani sweta likishashonwa kifua chake kingekuwa 66. Nikachukua 104. Uamuzi huo nausimamia mpaka leo. Mtoto anayejazwa nguo pana mabegani hapati uhuru, anapata mzigo.

Kitambaa nilichagua kile kizito cha pamba chenye manyoya laini upande wa ndani, kwa sababu nilitaka joto. Nilikifua kwanza kabla ya kukata. Kabla ya hapo nilikata kipande cha mraba wa sentimita 20, nikakifua na kukikausha, kikarudi na urefu wa 19. Ukikata bila kufua, sweta la urefu wa 42 litakuwa 40 baada ya siku moja ya maji, na utadhani mtoto amekua usiku.

Kuvutika kwake, hata hivyo, sikukupima. Karatasi ya maelekezo ya kiolezo ilisema wazi: kitambaa kinachovutika angalau asilimia 35. Nililisoma sharti hilo nikalipita. Machoni kitambaa kilikuwa cha kufumwa kwa vitanzi kama fulana, kwa hiyo nikachukulia kwamba kitavutika kama fulana.

Kamba tatu

Baada ya siku zile tatu nilianza upya, mara hii nikianza na kichwa. Nilipitisha futi juu ya nyusi, juu ya masikio, hadi pale nyuma ambapo fuvu limejitokeza zaidi. Sentimita 52. Si kichwa kikubwa kupita kiasi. Kwa umri wake kiko upande wa juu wa kawaida.

Kisha nikakata kamba tatu, nikazifunga zikawa pete: moja ya sentimita 46, ya pili 50, ya tatu 54. Nikamwambia tunacheza mchezo wa taji. Pete ya 46 iligota kwenye nyusi, palepale sweta lilipogota. Pete ya 50 ilipita, lakini ilikunja masikio na akafumba macho kwa nguvu. Ya 54 ilishuka hadi mabegani bila yeye kuacha kuongea. Mtu akiniuliza shingo ya sweta la mtoto inatakiwa kufunguka kiasi gani, jibu langu limetoka kwenye kamba hiyo ya tatu: mzunguko wa kichwa, ongeza sentimita 2 kwa ajili ya masikio na kwa ajili ya vidole vyako unapomvisha.

Baada ya hapo nikaweka kitambaa chenyewe kando ya rula. Niliweka alama mbili zilizoachana sentimita 10, nikashika na kuvuta mpaka nilipohisi kinakataa. Kilifika 11.5. Asilimia 15. Ribu ilifika 17 na ikarudi yenyewe nilipoiachia, kwa hiyo ribu haikuwa na hatia.

Sasa hesabu. Mdomo wa shingo kwenye kiolezo, ukifuata mstari wa mshono wa mbele na nyuma, ulikuwa na sentimita 40. Kwa kitambaa ambacho kiolezo kilikitaka, 40 ikivutika kwa asilimia 35 inafika 54. Kiolezo hakikukosea hata kidogo. Aliyekichora alikuwa anakijua kichwa cha mtoto. Kwa kitambaa changu, 40 ikivutika kwa asilimia 15 inaishia 46. Pete ya kwanza kabisa.

Kulikuwa na kizuizi cha pili juu ya hicho. Shingo nilikuwa nimeishona kwa mshono ulionyooka. Mshono ulionyooka hauvutiki kama kitambaa kilichouzunguka. Ukiulazimisha, uzi hukatika, na ndiyo ile tak tak niliyoisikia. Shingo ya nguo ya kupitisha kichwani ina tabaka tatu zinazotakiwa kufunguka pamoja: ukingo wa kitambaa, ribu, na uzi unaozishika. Mtoto hapiti kwenye ile inayovutika sana. Anapita, au anakwama, kwenye ile iliyo ngumu kuliko zote. Ribu yangu ingeweza kufika 57. Haikusaidia kitu.

Kwa nini saizi ya juu isingesaidia

Dada alipoona nimelifumua sweta aliniuliza, "Mdogo wangu, kwani usingeshona tu saizi inayofuata, akawa nalo hata mwakani?"

Ni swali la haki, na nililijibu kwa futi badala ya maneno. Nilipima mdomo wa shingo kwenye saizi ya 110. Ulikuwa 41. Ukiongeza asilimia 15, unapata 47 na kidogo. Mtoto bado anakwama kwenye nyusi, ila sasa amekwama ndani ya sweta ambalo mabega yake yanamwangukia.

Sababu iko kwenye mwili wa mtoto. Kichwa hukua mapema kuliko viungo vingine. Mtoto anapozaliwa mzunguko wa kichwa chake huwa karibu sentimita 35; akitimiza mwaka mmoja umeshafika kama 46, yaani ameongeza sentimita 11 ndani ya miezi 12. Kuanzia hapo mwendo unapungua sana. Mtu mzima ana kama 55 hadi 57. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka minne ameshabeba karibu asilimia 90 ya mzunguko wa kichwa atakachokuwa nacho maisha yake yote, wakati kimo chake ni kama asilimia 60 tu ya kimo cha utu uzima. Kati ya saizi moja na nyingine kimo kinaruka sentimita 6, mikono inarefuka sentimita mbili au tatu, na kichwa karibu hakijasogea. Mchora violezo analijua hilo, ndiyo maana hapanui shingo sana kutoka saizi hadi saizi. Angepanua, shingo ingeachama.

Kwa sababu hiyohiyo sweta la mtu mzima halipunguzwi kwa kulichora dogo. Ukipunguza kila kipimo kwa uwiano mmoja, utapata nguo ya mwanasesere: kifua sawa, mikono sawa, na tundu la shingo ambalo hakuna mtoto mzima wa afya atakayelipita.

Njia nilizozikataa

Njia ya kwanza iliyonijia ni kupanua shingo. Nilinakili kiolezo kwenye karatasi nyingine (kiolezo cha asili sikikati kamwe, na namsihi kila anayeanza asikikate), nikasogeza shingo sentimita 1 kila upande wa bega na kuishusha mbele sentimita 1.5 na nyuma nusu sentimita. Nikapima mstari mpya kwa kusimamisha futi kwa ubavu na kuifuatisha mviringo. Ilitoka 46. Ikivutika, 53. Karibu kabisa, na mshonaji mwenye haraka angeishia hapo.

Nilikata umbo hilo kwenye gazeti nikamvalisha. Mifupa ya shingo ilikuwa wazi yote mbele, na bega la kulia lilitaka kuteleza. Sweta lililoshonwa kwa ajili ya joto limefungua dirisha palepale baridi inapoingilia. Nikaliweka kando.

Rafiki mmoja alinishauri nibadilishe mikono iwe ya raglani, ile ambayo mshono wake unatoka kwapani na kupanda mshazari hadi shingoni. Mtindo huo umebeba jina la Lord Raglan, jemadari wa Uingereza aliyepoteza mkono wa kulia katika vita vya Waterloo mwaka 1815. Ni mkono mzuri sana kwa mtoto anayerukaruka. Lakini shida yangu haikuwa mkono. Mdomo wa shingo wa raglani unapimwa kama mdomo mwingine wowote, na kitambaa cha asilimia 15 kitabaki cha asilimia 15.

Yapo pia mabega ya kupishana, yale ya nguo za watoto wachanga, ambapo kipande cha nyuma kinalala juu ya cha mbele begani na shingo inafunguka kama bahasha. Kwa mtoto mchanga hakuna kinachoyashinda, kwani nguo inaweza hata kushushwa kuelekea miguuni ikichafuka. Kwenye kitambaa kizito kama changu, tabaka mbili zikipishana juu ya bega zinaleta nundu. Hilo nalo likapita.

Kilichobaki kilikuwa kufungua bega la kushoto na kulitia vifungo. Hesabu yake ni nyepesi mno hata nikajiuliza kwa nini sikuanza nayo: ukifungua mshono wa bega kwa sentimita 7, umeongeza kingo mbili za sentimita 7 kwenye mdomo wa shingo. 40 na 14 ni 54. Mdomo unafika 54 bila kuvuta kitu chochote, na ukishafungwa unarudi kuwa shingo ya 40 iliyokaa mahali pake. Bega la kushoto nililichagua kwa sababu mtoto anatumia mkono wa kulia, nao ndio utakaovuka kifua kwenda kufungua.

Kazi yenyewe

Kufumua ribu ya shingo kulinichukua jioni nzima. Manyoya ya kitambaa humeza uzi, na ukifumua kwa pupa unachana kitambaa pamoja na mshono. Nilikata mshono mmoja kila baada ya mitatu upande wa chini, kisha nikavuta uzi wa juu ukatoka mzima, halafu nikaokota vipande vya uzi kwa utepe wa gundi. Bega la kushoto nililifumua kuanzia shingoni kuelekea kwenye mkono, sentimita 7, nikaacha 1.5 iliyoshonwa.

Nafasi ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki nje ya mshono, begani ilikuwa sentimita 1 tu, haitoshi kubeba kifungo. Nikakata vipande viwili kutoka kwenye masalio, kila kimoja upana wa 6 na urefu wa 9, nikavibandika kwa nyuma gamu nyembamba ya kupiga pasi, kile kitambaa cha kukazia. Gamu ni lazima hapo. Kifungo kilichotiwa kwenye kitambaa kinachovutika bila kitu cha kukishikilia kitang'oka na kuacha tundu, na kwa mtoto mdogo kifungo kilichong'oka huenda moja kwa moja mdomoni.

Kipande cha mbele nilikishona na kukigeuzia ndani chote, ili ukingo wa mbele ubaki palepale mstari wa bega ulipokuwa. Kipande cha nyuma nilikikunja katikati na kukiacha kitokeze sentimita 2 nje ya mstari wa bega, kwa ajili ya kulala chini ya cha mbele. Mbele juu, nyuma chini.

Hapo nilifanya kosa ambalo lilinigharimu siku nyingine. Kwenye kona, pale ufunguzi unapoishia karibu na mkono, nilichanja nafasi ya mshono ili kipande kigeuke vizuri, nikachanja mpaka kwenye uzi wenyewe. Kitambaa cha kufumwa kwa vitanzi si kama cha kusukwa kwa nyuzi zinazopishana. Kitanzi kimoja kikikatika, kilicho juu yake kinalegea, na kinachofuata pia. Nilipojaribu kufungua bega kwa mkono tu, tundu la ukubwa wa punje ya mtama lilitokea na kuanza kupanda. Nililizuia kwa kubandika mraba mdogo wa gamu kwa ndani, kisha nikapiga mshono wa zigizaga mfupi mara tatu nenda rudi juu ya kona. Leo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwenye sweta. Kwenye kona kama hiyo chanja ukiacha nyuzi mbili tatu kabla ya mshono, na gamu itangulie mkasi, isije baada yake.

Ribu ya shingo nilikata mpya. Kawaida naikata asilimia 85 ya mdomo, ambayo hapa ni 34, ili ivutwe kidogo wakati wa kushona na ilale bila kuachama. Safari hii haikuwa pete tena bali mkanda wenye ncha mbili, kwa hiyo niliongeza sentimita 2 za sehemu inayolala chini na sentimita 1 ya mshono kila ncha: jumla 38. Niligawa mkanda na mdomo mara nne, nikapiga pini kwenye kila alama, nikavuta ribu ifikie kitambaa, kamwe si kitambaa kiifikie ribu. Ukivuta kitambaa, hakirudi, na hayo ndiyo mawimbi unayoyaona kwenye shingo za watu.

Mshono ulikuwa zigizaga nyembamba, upana wa milimita 1 na urefu wa 2.5, kwa sindano ya ncha ya mviringo namba 80. Ncha ya mviringo inasukuma vitanzi kando badala ya kuvitoboa. Kabla ya kugusa sweta nilishona kwenye salio nikalivuta kwa nguvu za mikono yote miwili. Uzi ulivutika pamoja na kitambaa, haukulia. Cherehani ya kawaida inatosha. Ovaloki, ile mashine inayoshona huku ikikata kingo, hupendezesha upande wa ndani, lakini kutokuwa nayo hakumzuii mtu kushona sweta linalovalika.

Kwa vifungo nilitumia vitatu vya kubana, vile vinavyogongewa pande mbili, kimoja kwenye ribu na viwili begani. Ni bapa, mtoto akilalia ubavu havimchomi, na vidole vya miaka minne vinaweza kuvibandua. Ncha za ribu nazo nilizitia gamu kabla ya kugongea.

Mikono ikiinuka

Alipolivaa mara ya pili, kichwa kilipita kabla sijamaliza kuhesabu moja mbili. Akainua mikono kuonyesha ushindi, na tumbo lote likatoka nje. Pindo la chini lilikuwa limepanda sentimita 9. Nilimpimia palepale akiwa ameinua mikono.

Hili lilikuwa langu kabisa. Wakati wa kukata nilishusha kwapa kwa sentimita 2, nikiamini natoa nafasi. Wengi tunaamini hivyo, na ni kinyume. Kwapa likishuka, mshono wa ubavu unafupika na mshono wa chini wa mkono unafupika. Mtoto anapoinua mkono, ubavu ndio unaotakiwa kurefuka, na urefu huo umeshaukata ukautupa. Kitambaa kinautafuta mahali pengine, na mahali pekee pa kuupata ni chini, kwa kulivuta pindo. Kwapa la juu, lililo karibu na mwili, ndilo linalomwacha mtoto huru.

Sweta la kwanza nililiokoa kwa kikwapa: nilifumua sentimita 5 za ubavu na 5 za mkono kutoka kwenye kona ya kwapa, nikapachika kipande cha umbo la almasi chenye pande za sentimita 5 pamoja na nafasi ya mshono. Pindo sasa linapanda 5 badala ya 9. Kwenye karatasi, kwa ajili ya sweta la pili, nilirudisha kwapa lilipokuwa, nikapunguza kilele cha mkono, yaani kimo cha mviringo wake wa juu, kwa sentimita 1.5 na kupanua mkono kwapani mpaka urefu wa mviringo wa juu ulingane tena na tundu lake. Mkono wenye kilele kifupi hukunjamana kidogo kwapani mtoto akishusha mikono. Mimi nauchukua mkunjo huo kuliko tumbo la wazi.

Urefu

Hapa kazi ni ndogo. Mtoto wa umri huu huongeza kama sentimita 6 au 7 za kimo kwa mwaka, na kifua hakiongezi hata 2. Sweta kwa hiyo linamwisha kwa urefu, si kwa upana. Nilikata karatasi ya mwili katikati ya kwapa na pindo, nikaachanisha kwa sentimita 4 na kubandika kipande cha karatasi, nikihakikisha mstari wa mwelekeo wa uzi unaendelea ukiwa umenyooka kwa rula. Mkono niliukata katikati ya kwapa na kiganja, nikatia 3. Ukiongeza urefu kwenye pindo tu, mkono unazidi kusinyaa kuelekea kiganjani na ribu inakataa kuingia.

Mikanda ya ribu ya viganjani niliikata ya kutoa urefu wa 10 badala ya 5, ikunjwe sasa na kukunjuliwa baadaye. Kofia mtoto aliiomba, yenye kamba kama ya baba yake. Kofia nitamshonea, kamba hapana: kiwango cha usalama cha Ulaya kiitwacho EN 14682 hakiruhusu kamba za kuvuta kwenye kofia na shingo za nguo za watoto walio chini ya miaka 7, kwa kuwa kamba hunasa kwenye vifaa vya michezo na milango ya magari na kuwakaba. Nilimweleza baba yake, akaelewa mara moja.

Lilipofikia

Sweta la kwanza limeshafuliwa mara sita. Kona ya bega haijasogea. Kifungo cha kati kinavuta kitambaa kidogo kwa sababu nilikitia karibu mno na ukingo, kwa milimita 3 hivi, na bega la kushoto ni gumu kuliko la kulia kwa tabaka zake zote. Mtoto halalamiki, lakini naliona kila anapopita. Kwenye karatasi ya sweta la pili upana wa kipande kinacholala chini umekuwa 2.5 badala ya 2, na kimechorwa pamoja na kipande cha nyuma, bila mshono wa kuungia, ili tabaka moja lipungue.

Juu ya karatasi hiyo, karibu na shingo, nimeandika kwa kalamu ya wino: kichwa 52, mdomo ukifunguliwa 54, kitambaa 15. Pete ya kamba ya sentimita 54 nimeibandika pembeni kwa utepe wa gundi. Jana alikuja akaibandua, akaivaa kama taji, akaishusha hadi mabegani, kisha akaenda kulichukua sweta mwenyewe, akafungua vifungo vitatu kimoja kimoja na kulivaa, nyuma mbele. Kwenye la pili nitashona kijitepe cha rangi nyuma ya shingo.